Iron Maiden kabla ya jina kukua: bendi ya watu 18 na mwenyewe mmoja

Kati ya Desemba 1975 na Aprili 1980, albamu yao ya kwanza ilipoingia madukani, bendi ya roki nzito (hevi metali) ya Iron Maiden, ya mashariki mwa London, ilipitiwa na watu 18. Hao ni waimbaji watatu, wapiga gitaa tisa, wapiga dramu wanne, mpiga kinanda mmoja na mkung'uta besi mmoja. Nahesabu wale tu wanaotajwa katika kila simulizi ya bendi hiyo. Katika orodha yote, nafasi ya besi ndiyo pekee ambayo haikubadilika mtu. Jamaa anaitwa Steve Harris, na mpaka leo yupo.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya ubishi: kijana wa Leytonstone aliyekataa kukata tamaa. Ni kweli, ila haitoshi. Wabishi walijaa London wakati ule na bendi zao zilikufa vilevile. Ukiyapitia mabadiliko yale moja baada ya jingine unaona kwamba karibu kila aliyeondoka aliziacha nyimbo palepale alipozikuta. Nyimbo zilikuwa za Harris. Kipindi ambacho bendi ilikaribia kufa kweli, mwaka 1977, ndicho kipindi pekee ambacho Harris alimwachia mwimbaji wake aamue nani abaki na nani aende.

Chanzo: bendi iliyokataa nyimbo zake

Harris alizaliwa Machi 1956. Utotoni alikuwa mtu wa mpira, akafikia hatua ya kufanya mazoezi na vijana wa West Ham United, na alipokua akafanya kazi ya kuchora ramani za majengo. Besi alijifunza mwenyewe. Bendi yake ya kwanza, Gypsy's Kiss, haikuishi muda mrefu. Iliyofuata iliitwa Smiler, na humo alikuwa mdogo kuliko wenzake, watu waliozoea roki yenye asili ya bluzi, ya kwenda moja kwa moja. Harris aliwapelekea nyimbo zinazobadili mwendo katikati, zenye vipande vingi. Wakamwambia hizo ni ngumu mno.

Hapo pana funzo la biashara ambalo naamini alilibeba maisha yake yote: ukiwa na nyimbo ndani ya bendi ya watu wengine, wao ndio wanaoamua kama nyimbo zako zitasikika. Siku ya Krismasi 1975 akaanzisha bendi yake. Jina alilitoa kwenye kile chombo cha mateso cha hadithi za kale, sanduku la chuma lenye umbo la mwanamke na miiba ndani. Msomaji ayashike pia majina mawili ya Smiler, mpiga dramu Doug Sampson na mwimbaji Dennis Wilcock, maana wote wawili watarudi.

Safu ya kwanza ilikuwa na Paul Day kwenye sauti, Dave Sullivan na Terry Rance kwenye magitaa, Ron Matthews kwenye dramu. Onyesho la kwanza lilifanyika Mei 1976 kwenye ukumbi wa kanisa wa St Nicholas huko Poplar, kisha wakapata siku zao za kupiga kwenye baa ya Cart and Horses, Stratford. Magitaa mawili yalikuwepo tangu siku ya kwanza. Harris aliyataka hivyo, apate magitaa yanayopiga sauti mbili za wimbo mmoja kwa pamoja, na sehemu kubwa ya yaliyofuata ni msako wa watu wawili wa kuyajaza.

Paul Day aliimba vizuri. Tatizo lake lilikuwa jukwaani: alisimama tu. Kwenye baa ya watu wanaokunywa na kuzungumza, mwimbaji aliyesimama anasahaulika kabla wimbo wa tatu haujaisha. Akapigwa chini mwaka huohuo wa 1976.

Mwaka wa Wilcock

Akaja Wilcock, yule wa Smiler, na huyu hakuwa mtu wa kusimama. Alikuwa mpenzi mkubwa wa Kiss, bendi ya roki ya Marekani. Alijipaka rangi usoni, akawa anapitisha upanga mdomoni na kutema damu ya bandia mbele ya watu waliokuja kunywa bia. Watu walitazama, hilo lazima tumpe. Tena ndiye aliyemleta rafiki yake Dave Murray, mcharaza gitaa mwenye mkono mwepesi, na kwa hilo pekee anastahili nafasi yake katika historia.

Lakini Murray alipoingia, Sullivan na Rance waliona wamedharauliwa. Mivutano ikawa mingi, Harris akaivunja bendi mwishoni mwa 1976. Muda si mrefu akaiunda upya akiwa na Murray kama mpiga gitaa pekee. Mtindo huu ataurudia: badala ya kusuluhisha ugomvi, anabomoa chumba na kukijenga tena akiwa na wale anaowahitaji.

Akatafutwa mpiga gitaa wa pili, Bob Sawyer. Huyu alifukuzwa kwa kosa ambalo hunichekesha kila nikilisoma. Jukwaani alijifanya anapiga gitaa kwa meno, kumbe hapigi. Kwa Harris, mtu anayetema damu ya bandia alivumilika, ila mtu anayedanganya kwenye ala, hapana. Ukitaka kujua bendi hiyo ilikuwa na imani gani, anza na hapo.

Kisha mambo yakaharibika. Wilcock na Murray hawakuelewana, na Wilcock akamshawishi Harris amtimue Murray pamoja na mpiga dramu Matthews. Harris akakubali. Kwa macho ya leo ni uamuzi wa ajabu, kwa kuwa Murray amedumu naye kuliko binadamu mwingine yeyote. Lakini tujiweke kwenye 1977. Panki, roki ya kasi na kelele, ilikuwa imeteka baa za London, kampuni za santuri zilitaka vijana wenye nywele fupi na nyimbo za dakika mbili, na mwimbaji anayevuta macho ya watu alikuwa mali adimu kuliko mpiga gitaa. Harris alichagua kulinda kile kilichoonekana kuuza.

Murray akaenda kwa rafiki yake wa utotoni, Adrian Smith, kwenye bendi ya Urchin. Iron Maiden ikachukua Terry Wapram kwenye gitaa, Barry Purkis kwenye dramu, na kwa mara ya kwanza mpapasa kinanda, Tony Moore. Bendi iliyokusudiwa magitaa mawili ikawa na moja na kinanda. Novemba 1977 safu hiyo ikapanda jukwaa la Bridgehouse, baa ya Canning Town, na ikavurunda. Likawa onyesho la kwanza na la mwisho la watu wale wakiwa pamoja.

Kinachonivutia ni jinsi Harris alivyojisahihisha baada ya usiku ule. Purkis akatolewa, akaingia Doug Sampson. Moore akaambiwa kwa upole kwamba kinanda hakiendani na muziki huu; baadaye alijitokeza na Cutting Crew, bendi ya pop, kwa hiyo kila mtu alifika kwake. Miezi michache mbele Wilcock mwenyewe akachoka, akaondoka kuanzisha bendi aliyoiita V1. Alipotoka tu, Murray akarudishwa. Wapram hakutaka kugawana gitaa na mtu, naye akaonyeshwa mlango.

Wakabaki watatu: Harris, Murray na Sampson. Bendi ya miaka miwili na nusu, bila mwimbaji, bila gitaa la pili. Ukiwauliza wapenzi wengi wa hevi metali watakwambia Iron Maiden ilizaliwa Krismasi 1975. Mimi nikiulizwa nitasema ilizaliwa hapa, kiangazi cha 1978, watatu wakijifungia kufanya mazoezi bila kujua nani ataimba. Kila jibu la msingi lilikuwa limeshapatikana kwa njia ngumu: kinanda hakitakiwi, rangi usoni hazitakiwi, magitaa lazima yawe mawili, na mwenye nyimbo ndiye anayeamua.

Kanda iliyofanya kazi kuliko bendi

Novemba 1978, kwenye baa ya Red Lion ya Leytonstone, walikutana kwa bahati tu na Paul Di'Anno, akajaribiwa, akafaa. Alikuwa na sauti ya kukwaruza na mwenendo wa mtaani. Nadhani hapa bahati ilimsaidia Harris kuliko akili. Panki iliyokuwa ikimfukuza kwenye kumbi ilipata mtu anayefanana nayo upande wake, mwenye nywele fupi na koti la ngozi, anayeimba nyimbo zenye vipande sita kana kwamba ni za kupigia kelele barabarani.

Desemba 31, 1978, wengine wakijiandaa kusherehekea mwaka mpya, wao waliingia Spaceward Studios huko Cambridge na kurekodi nyimbo nne. Hawakuwa na pesa ya kununua kanda mama, ikafutwa. Waliondoka na nakala tu. Moja wakampelekea Neal Kay, didijei aliyeendesha Bandwagon Heavy Metal Soundhouse kwenye baa moja ya Kingsbury, upande wa pili wa jiji. Kay alikuwa akikusanya nyimbo zinazoombwa zaidi na wateja wake, na chati hiyo ilichapishwa kwenye gazeti la muziki la Sounds. Wimbo mmoja wa kanda ile ukapanda mpaka nafasi ya kwanza mwaka 1979, wakati bendi haina hata santuri moja sokoni.

Novemba 1979 wakatoa nyimbo tatu kati ya zile nne kwa lebo yao wenyewe, nakala 5,000 za kuagiza kwa posta. Nakala 3,000 ziliondoka ndani ya wiki ya kwanza.

Kanda ile ya Cambridge ndiyo iliyomfikia Rod Smallwood, aliyewahi kumsimamia mwanamuziki Steve Harley. Akapanga kuwaona kwenye baa ya The Swan, Hammersmith. Usiku huo mwimbaji hakuwepo: Di'Anno alikuwa mikononi mwa polisi kwa kukutwa na kisu. Meneja mtarajiwa amekaa anasubiri, bendi haina wa kuimba. Harris akashika maikrofoni, akaimba mwenyewe huku anapiga besi. Maneno aliyajua, mengi aliyaandika yeye. Smallwood akawachukua.

Bendi nyingine ingeahirisha na pengine nafasi ingepotea. Ukimuuliza mtu aliyekulia kwenye muziki wetu wa dansi, atakukumbusha jinsi mwimbaji nyota anavyoweza kuhama Ijumaa na ukumbi ukakosa watu Jumamosi. Pale The Swan nyota alikosekana, na nyimbo zikatosha kumshawishi mgeni aliyekuja kununua.

Mlango wa EMI

Mkataba na EMI, kampuni kubwa ya santuri, ulikuja Desemba 1979, na huo mwezi una mambo. Gitaa la pili lilikuwa bado linasumbua: Paul Cairns, Paul Todd na Tony Parsons walipita ndani ya mwaka mmoja hivi, wengine kwa muda mfupi mno. Bendi ikamwendea Adrian Smith wa Urchin. Akakataa, alikuwa na bendi yake. Kumkatalia EMI ukiwa na miaka 22 kunahitaji moyo. Wakamchukua Dennis Stratton.

Doug Sampson naye akatoka. Afya yake haikuhimili maisha ya barabarani, ya kulala garini na kupiga usiku baada ya usiku. Huyu ndiye ninayemhurumia kuliko wote. Alikuwa wa Smiler, alirudi wakati bendi imevurunda, alikuwa mmoja wa wale watatu wa 1978, alipiga dramu kwenye kanda iliyofungua kila mlango, na mkataba ulipofika ikabidi aondoke. Hakufukuzwa kwa ugomvi wala kwa kupiga vibaya. Mwili ulikataa.

Nafasi yake ikachukuliwa siku moja baada ya Krismasi na Clive Burr, aliyependekezwa na Stratton. Burr alitokea Samson, bendi nyingine ya London, ambayo nafasi yake ya dramu ilijazwa na Barry Purkis, yuleyule aliyetolewa baada ya Bridgehouse, sasa akivaa kinyago na kujiita Thunderstick. Jina la Samson litarudi.

Februari 1980 singo ya kwanza ikatoka na wakaitwa kwenye kipindi cha televisheni cha Top of the Pops. Wakakubali kwa sharti la kupiga laivu, jambo ambalo halikuwa limefanyika humo tangu bendi ya The Who mwaka 1972. Bila shaka Bob Sawyer na meno yake aliwaza mengi nyumbani. Albamu ikatoka Aprili na kufika nafasi ya nne Uingereza.

Stratton hakufikisha mwaka. Studio, aliuongezea wimbo mmoja mrefu wa Harris tabaka juu ya tabaka la sauti na magitaa, mpaka Smallwood aliposikia akalalamika kwamba unafanana na Queen. Kwa msomaji wa Unguja, kwao Freddie Mercury, hiyo ingekuwa sifa. Kwa bendi ilikuwa kosa, tabaka zile zikaondolewa. Halafu ikaja ziara ya Ulaya wakiifungulia Kiss, na kwenye safari Stratton alizoea kukaa na watu wengine kuliko wenzake, akisikiliza muziki laini. Oktoba 1980 akatemwa.

Hapa sikubaliani na wanaosema ilikuwa haki tupu. Mtu anayeingia bendi iliyokwisha kupanga kila kitu, akapewa wimbo na akajaribu kuupamba, amefanya kazi ya mwanamuziki. Kwenye santuri ile magitaa yake na ya Murray yameshikana vizuri, na ni yeye aliyemleta Burr. Kosa lake halisi ni kwamba alidhani ameajiriwa kuchangia. Kwa Harris wa 1980, uliajiriwa kupiga.

Safari hii Adrian Smith alipofuatwa, Urchin ilikuwa imevunjika. Akaingia, magitaa mawili yakawa ya marafiki waliojifunza pamoja tangu shuleni. Miaka mitano ya msako ikaisha kwa rafiki wa Murray.

Ghala kuisha na mwimbaji kwenda

Albamu ya pili, Killers, ilitoka Februari 1981, na nyimbo nyingi humo zilikuwa zimeandikwa kabla hata ya albamu ya kwanza. Mbili tu ndizo zilizoandikwa kwa ajili yake. Watu waliohama waliziacha nyimbo, nyimbo zikajaza santuri mbili. Lakini ghala likaisha. Albamu ya tatu ingelazimika kuandikwa upya kutoka sifuri, na mwimbaji aliyekuwepo alikuwa anaporomoka.

Di'Anno alizama kwenye kokeini, jambo alilolikiri waziwazi baadaye, na ziara ya 1981 ikaanza kupoteza maonyesho kwa sababu yake. Wapo wanaomlilia mpaka leo, hasa tangu alipofariki Oktoba 2024, na kwenye santuri zile mbili sioni nani angeimba vizuri zaidi. Ila bendi iliyosafiri usiku baada ya usiku isingeweza kuishi kwa kubahatisha kama mwimbaji atatokea. Harris asingeweza kurudia ya The Swan kwenye kumbi za maelfu.

Agosti 1981, kwenye tamasha la Reading, Smallwood akamfuata mwimbaji wa Samson, Bruce Dickinson. Septemba akajaribiwa. Onyesho lake la kwanza likawa Bologna, Italia, tarehe 26 Oktoba. Matatizo ya mkataba na Samson yalimzuia hata kuandikwa kama mtunzi kwenye albamu iliyofuata.

Huyu hakuja kuwa mwajiriwa mtiifu. Harris alizoea kusimama mbele katikati ya jukwaa, mguu juu ya spika, na Dickinson aliona hapo ni pa mwimbaji. Mwenyewe amesimulia jinsi alivyokuwa akiitanua miguu ya kisimamio cha maikrofoni ili Harris akija mbio ajikwae. Wilcock alipovutana na mtu, alienda kunong'ona na mtu huyo akafukuzwa. Dickinson alivutana na Harris mwenyewe, mbele ya watu, na hakuna aliyefukuzwa. Kwenye The Number of the Beast, iliyotoka Machi 1982 na kufika nafasi ya kwanza Uingereza, Smith anaonekana kama mtunzi mwenza wa nyimbo tatu na Burr naye ana mkono wake humo. Mwenye nyimbo alikuwa ameanza kupokea nyimbo za wenzake.

Burr aliondoka Desemba 1982, akaingia Nicko McBrain. Watano hao, Harris, Murray, Smith, Dickinson na McBrain, walidumu bila kuguswa hadi 1990, Smith alipotoka na nafasi yake kuchukuliwa na Janick Gers. Dickinson akafuata miaka mitatu baadaye. Wote wawili waliporudi mwaka 1999, hesabu ya zamani ingetaka Gers aage. Hakuaga. Tangu mwaka huo Iron Maiden ina wapiga gitaa watatu.